Saa mbili kwa miguu katika mji wa akina Wood: uzoefu wangu wa matembezi ya bure Bath

Nianze na swali ambalo kila niliyemsimulia ameniuliza: je, matembezi haya ya Bath, mji wa Uingereza wa wasanifu majengo John Wood, baba na mwana, ni bure kweli? Ndiyo, ni bure kabisa. Hukati tiketi, huweki nafasi, na mwishoni ukitoa bahashishi mwongozaji anaikataa. Unafika tu Abbey Churchyard, uwanja mdogo ulio kati ya kanisa la Abbey na Pump Room, ukumbi wa kunywea maji ya chemchemi, saa nne na nusu asubuhi, unakuta watu wamekusanyika, mnaondoka. Wanaoongoza ni wenyeji wa Bath wanaojitolea, kikosi chenye jina la Meya wa mji, na kazi hii wameifanya tangu 1934. Nimewahi kulipia ziara za miji kadhaa, za bei kubwa, na hakuna iliyonifundisha kiasi hiki.

Mimi ni afisa mipango miji wa halmashauri, mwaka wa kumi na mbili sasa. Nasoma michoro, nakagua viwanja, navutana na watu waliojenga nje ya mstari. Picha ya Bath kutoka angani, lile duara la nyumba lililounganishwa na mwezi mchanga kwa mtaa mmoja mfupi, niliiona chuoni na haikunitoka kichwani. Safari hii nilipokwenda Uingereza kumtembelea mama mdogo anayeishi Reading, nilimwomba tuitenge siku moja na nusu kwa ajili ya Bath. Akakubali kunisindikiza, ingawa magoti yake hayana urafiki na vilima.

Tulifika mchana, tukaanza na basi la watalii la kulipia, na hapo pesa yetu ilipotea. Visikilizio vya upande wetu vilikwama, basi likapita Royal Crescent, ule mwezi mchanga wa nyumba, tukiwa bado tunatafuta kitufe. Sitaki kulisema zaidi. Asubuhi iliyofuata tukaenda kwa miguu.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwembamba, mstaafu, mwenye sauti ya mwalimu. Hakuanza na majumba. Alianza na maji. Chini ya pale tuliposimama kuna chemchemi inayotoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, yenye joto la nyuzi 46 hivi, na ndiyo iliyowaleta Warumi wakaupa mji jina la Aquae Sulis. Hata hivyo mwaka 1700 Bath ilikuwa bado mji mdogo wa watu kama 2,000 ndani ya kuta zake za zamani. Miaka mia moja baadaye walikuwa zaidi ya 30,000. Wagonjwa wenye fedha walikuja kuoga na kunywa maji, wazima wakaja kuwafuata wagonjwa, na Richard Nash, aliyeitwa Beau Nash, akashika usimamizi wa dansi na karamu na kuwakataza wanaume kutembea na panga mjini. Wageni hawa walikuja kwa msimu, wiki kadhaa au miezi. Walihitaji nyumba za kupanga, nzuri, na nyingi. Mji mzima mpya ulijengwa kwa ajili ya wapangaji wa msimu. Hilo sikuwa nimelielewa kutoka vitabuni.

Kisha akatuambia habari za watu wawili. Mmoja ni Ralph Allen, aliyetajirika kwa kupanga upya usafirishaji wa barua, akanunua machimbo ya mawe ya Combe Down juu ya mji. Mwaka 1731 alikuwa na reli ya mbao inayoteremsha mawe kutoka kilimani hadi mto Avon. Jiwe hilo ni la chokaa, rangi ya asali, laini likitoka ardhini na gumu likikaa hewani, na fundi mwashi anaweza kulikata upande wowote. Mtu wa pwani yetu hapo anakumbuka mawe ya matumbawe, yanayochongwa yakiwa bado mabichi. Mzee akatugusisha ukuta. Alisema utotoni mwake mji huu ulikuwa mweusi kwa moshi wa makaa, na rangi hii tunayoipiga picha ilirudi baada ya kuta kusafishwa.

Mtu wa pili ni John Wood baba, msanifu majengo, mzaliwa wa hapo hapo, 1704, mtoto wa fundi mjenzi.

Tulipofika Queen Square ndipo somo lenyewe lilipoanza. Mama mdogo alitazama upande wa kaskazini, nguzo zake na lile paji la pembetatu katikati, akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, hii ikulu ya nani?" Nikamwambia si ikulu, ni nyumba saba za watu mbalimbali. Hakuniamini mpaka mwongozaji alipoanza kuonyesha milango.

Wood alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu alipoanza uwanja huu mwaka 1728. Hakuwa na mfalme nyuma yake wala halmashauri ya kumpa bajeti. Alichofanya ni hiki: alikodi ardhi kwa muda mrefu kutoka kwa mwenye ardhi, Robert Gay, akachora uso wa upande mzima kama jengo moja, kisha akavigawa viwanja kwa wajenzi mmoja mmoja kwa mikataba midogo. Mjenzi alifungwa na uso ule: urefu wa ghorofa, nafasi za madirisha, nguzo, jiwe. Nyuma ya ukuta huo alikuwa huru. Vyumba apange anavyotaka, ghorofa za nyuma azirefushe anavyotaka. Hatari ya fedha ikagawanywa kwa wengi, na sura ya mji ikabaki mkononi mwa mtu mmoja.

Nilisimama pale nikafikiria mafaili yaliyoko mezani kwangu. Tunadhibiti kila kitu kidogo kidogo ndani ya kiwanja, choo kiko wapi, ukuta una unene gani, na barabara yenyewe, ile sura ambayo kila mpita njia ataishi nayo, hatuigusi. Wood aligeuza. Alikuwa mkali kwa kile kilicho cha wote na akamwachia mtu nyumba yake. Nimeandika maneno hayo kwenye daftari langu nikayapigia mistari miwili.

Uwanja wenyewe hauko sawa kwa sababu ardhi ina mwinuko: upande wa mashariki nyumba zinapanda ngazi kwa ngazi. Upande wa kusini, sehemu iliharibiwa na mabomu ya Aprili 1942, yaliyoua zaidi ya watu 400 mjini, na ilijengwa upya kwa kufuata ya zamani. Mzee alisubiri tuone wenyewe tofauti. Mimi sikuiona.

Gay Street ni kilima cha kweli. Mama mdogo alisimama mara tatu, na kila mara kundi lilimngoja. Nusu ya njia mwongozaji alituita pembeni tuchungulie chini ya uzio wa chuma. Barabara tunayoikanyaga, alisema, haiko kwenye ardhi ya asili. Wajenzi walisimamisha nyumba kwanza, wakajenga vyumba vya kuba mbele yake kwa ajili ya makaa na mvinyo, kisha wakaweka barabara juu ya vyumba hivyo. Ndiyo maana jiko lina dirisha upande wa mtaa ingawa liko chini ya mtaa, na bustani ya nyuma iko chini kuliko mlango wa mbele. Kifusi hakikuchukuliwa mbali, kilitumika pale pale. Kwa hili peke yake ningerudi tena Bath.

Halafu The Circus. Unatoka kwenye mtaa mwembamba wenye mwinuko na ghafla umezungukwa. Nyumba 33 katika vipande vitatu vya duara, na mitaa mitatu inayoingia. Siri yake inaonekana ukisimama mdomoni mwa mtaa wowote: mbele yako hakuna mtaa mwingine, kuna uso wa nyumba uliopinda. Kama ingekuwa mitaa minne, macho yangetoboa hadi upande wa pili na duara lingevunjika. Nguzo ziko mbili mbili, safu tatu za mitindo ya kale ya Kigiriki, Doriki chini, Ioniki katikati, Korintho juu, na juu ya safu ya chini kuna ukanda wa michoro midogo zaidi ya 500: nyoka, vifaa vya ufundi, vyombo vya muziki. Wood alikuwa amelipima mwenyewe duara la mawe la kale la Stonehenge mwaka 1740, na upana wa duara hili, kama mita 97, husemwa aliuchukua huko. Juu ya paa kuna matunda ya mwaloni ya mawe, kumkumbuka Bladud wa hadithi, mfalme aliyechunga nguruwe na kupona ukoma kwenye tope la moto la Bath. Wood aliziamini hadithi za kale za mji wake, na alizijenga.

Hakuliona duara likikamilika. Jiwe la kwanza liliwekwa mapema mwaka 1754, na Mei mwaka huo huo alifariki. Mwanawe, John Wood mdogo, ndiye aliyemaliza. Ile miti mikubwa ya katikati haikuwamo kwenye mpango. Mwanzoni palikuwa na sakafu ya mawe tupu. Wengi wanaipenda. Mimi ningependa nione duara moja kwa moja angalau asubuhi moja bila majani, kwa hiyo nashauri mje majira ya baridi.

Brock Street, inayokwenda Royal Crescent, nilikuwa sijaizingatia katika picha. Ni mtaa wa kawaida, wa kimya, na ulifanywa hivyo kwa makusudi. Unatembea huoni kitu, huoni kitu, kisha kona, na ardhi inafunguka: nyumba 30, nguzo 114 za Ioniki, jengo lote limepinda kama hilali kukabili nyasi na bonde. Ilijengwa kuanzia 1767 na kukamilika katikati ya miaka ya 1770. Mbele yake nyasi zimekatwa na handaki lenye ukuta uliozama, ili ng'ombe wasipande juu na mtu aliye dirishani asione uzio. Baba alifunga mji ndani ya duara, mtoto akaufungulia mashamba. Wageni wengine walipiga picha wakaondoka. Sisi mwongozaji alituzungusha nyuma.

Nyuma ni vurugu. Nyumba moja imetoka, nyingine imerudi ndani, madirisha hayalingani, mabomba yanapanda kila upande, paa moja refu na jirani yake fupi. Mama mdogo akasema, "Hapa sasa nimeziona nyumba thelathini." Hakuna profesa aliyenieleza mkataba wa Wood vizuri kuliko sentensi ile.

Kuna mlango mmoja wa njano katika Crescent nzima yenye milango myeupe. Mwenye nyumba aliupaka miaka ya 1970, mamlaka zikamtaka aubadilishe, akapinga na akashinda. Mimi nimekaa upande wa mamlaka maisha yangu yote ya kazi, na nilifurahi kwamba mlango ule uko pale.

Nilimuuliza mwongozaji fedha za wapangaji hawa zilitoka wapi. Alijibu bila kuzunguka: kodi za mashamba ya Uingereza, biashara, na sukari ya Karibi iliyolimwa na Waafrika waliofanywa watumwa. Alimtaja William Beckford, mrithi wa mashamba ya Jamaica, aliyehamia Lansdown Crescent na kujenga mnara wake juu ya kilima mwaka 1827. Nashukuru alilisema mbele ya kundi zima. Uzuri wa mawe haya haupungui ukijua, lakini unaubeba tofauti.

Saa mbili zikaisha. Tulirudi Pump Room tukanywa glasi ya maji ya chemchemi, ya uvuguvugu. Mama mdogo alisema yana ladha ya msumari, akamaliza yote, kwa ajili ya magoti.

Mchana tuliendelea wenyewe. Tulipanda basi la kawaida hadi Newbridge tukaitazama kwa nje Fairfield House, nyumba ambayo Haile Selassie aliishi uhamishoni kuanzia 1936 hadi 1940 na baadaye, 1958, akaipa Bath kama zawadi kwa wazee wa mji. Kisha tukavuka Pulteney Bridge, daraja la Robert Adam la 1774 lenye maduka pande zote mbili, hata huoni kama uko juu ya mto, na tukaingia Great Pulteney Street ya Thomas Baldwin, pana kama mita 30 na iliyonyooka kabisa. Ilikuwa iwe uti wa mgongo wa mji mpya mzima ng'ambo ya Avon. Mwaka 1793 vita na Ufaransa vikaanza, benki ikaanguka mjini, Baldwin akafilisika. Wapangaji wakatoweka pamoja na mikopo.

Mitaa ya pembeni bado ipo pale ilipokatika. Inatoka barabara kuu kwa kujiamini, upana kamili, na baada ya hatua chache inakwisha kwenye miti. Sunderland Street ni fupi kiasi kwamba niliipima kwa hatua zangu huku mama mdogo amekaa kwenye ngazi akipumzisha magoti. Nikapiga picha yake moja, nyuso za nyumba upande huu na majani upande ule, tukashuka polepole kwenda kituoni.