Kanda saba za Haboba: uzoefu wangu wa kuhamisha sauti za zamani Kampala

Kama una kanda za kaseti zimefungiwa kwenye boksi nyumbani, soma haya kabla hujazipeleka popote. Nawaandikia hasa ndugu zangu wa Bombo, mji ulio kaskazini mwa Kampala, ambao familia zetu zilitawanyika mwaka 1979.

Vita vya kumng'oa Idi Amin vilipofika, Wanubi wengi, sisi wazao wa askari wa Kisudani wa enzi za ukoloni, tulikimbia. Mjomba wangu aliishia Kibera, Nairobi, kwa Wanubi wenzetu ambao babu zao walipewa ardhi ile na Waingereza kwa kutumikia keya, yaani jeshi lao la kikoloni la King's African Rifles. Haboba, ndivyo tunavyomwita bibi, alirudi Bombo na mama yangu akiwa bado mtoto. Haboba hakujua kuandika. Basi miaka ya themanini alikuwa akitaka kumpa mwanawe habari, anaweka redio kaseti juu ya kigoda, anazungumza, kisha anamkabidhi kanda mtu anayesafiri. Zilikuwa barua za sauti, kwa Kiswahili cha kambini, na Kinubi kikiingia akikasirika au akiomba dua.

Mjomba alifariki mwaka jana. Wanawe walituletea kanda saba ndani ya mfuko wa nailoni.

Kosa la kwanza nililifanya mwenyewe: niliitia kanda moja kwenye redio ya zamani ya nyumbani na redio ikaimeza. Usijaribu. Utepe wa miaka arobaini ni mkavu, na mpira wa redio yenyewe umeshachoka. Zote saba nikazipeleka studio moja katikati ya Kampala. Silitaji jina lake, maana yaliyonipata pale yanaweza kukupata kwingine kokote. Bei ilikuwa shilingi 20,000 kwa kanda, flashi unakuja nayo.

Kwa upande wa ufundi wa mikono, kijana yule nampa alama zote. Ile kanda iliyomezwa aliifungua mbele yangu kwa bisibisi ndogo, skrubu tano, akaziweka kwenye kifuniko cha chupa zisipotee. Utepe ulikuwa umekunjamana na kukatika sehemu moja. Aliunyoosha kwa vidole taratibu, akaunga kwa kipande chembamba cha gundi, akauhamishia kwenye ganda la kanda nyingine, kwa sababu kile kisponji kidogo kinachosukuma utepe kilikuwa kimeng'oka. Kisha akavunja vile vijino viwili vya juu ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Nilisimama pale karibu saa nzima na sikuchoka.

Tatizo lilianza nyumbani. Usiku ule nilikaa na mama, tukasikiliza. Sauti ya Haboba ilikuwa safi mno, kama anazungumzia ndani ya kabati. Hakuna jogoo, hakuna mvua juu ya mabati, hakuna kutulia. Haboba alikuwa na tabia ya kunyamaza kabla ya kusema jambo zito, na kunyamaza kwake kote kulikuwa kumekatwa. Kanda ya dakika 60 ilibaki dakika 41. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, hapa pana kitu kimetoka. Siku ile aliniita."

Nikarudi. Wakaniambia wao huwa "wanasafisha" kila kazi, hivyo ndivyo wateja wanavyopenda, na nakala ambayo haijasafishwa hawakuitunza. Ikabidi kanda zote zichezwe upya, nikalipa nusu bei tena. Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza, na utepe mkuukuu kila ukizungushwa unaweza kukatika.

Mara hii nilisema wazi: nataka sauti kama ilivyo kwenye kanda, kwa faili za WAV, ambazo hazibani sauti, bila kukata wala kusafisha. Ni faili nzito, kama MB 10 kwa dakika, lakini flashi ya GB 8 ilizibeba kanda zote saba na nafasi ikabaki. Za MP3, zilizobanwa zikawa nyepesi, wakanitolea pembeni kwa ajili ya kundi la familia la WhatsApp. Kusafisha unaweza kusafisha siku yoyote, ila kilichofutwa hakirudi.

Dakika ya 19 ya kanda ya pili, Haboba anamweleza mjomba bei ya sukari ya magendo. Ananyamaza. Kisha anapaza sauti, "Zainabu! Funika maji!" Kwa mbali, nyuma ya jogoo, kisauti chembamba kinaitika, "Abee, mama!"

Zainabu ndiye mama yangu. Alikuwa na miaka minane. Aliniomba nirudishe, nikarudisha, mara nne. Mwanangu wa darasa la tano alikuwa amekaa chini pale. Yeye Kiswahili anakifahamu kama somo, tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima, na hakuwahi kujua kwamba ndicho kilichotumwa Nairobi kutoka nyumba hii hii, kikizungumzia sukari na maji. Akauliza, "Huyo ni jaja?" yaani bibi yake. Mama akajibu, "Ni mimi."

Tangu siku hiyo tumeanza kazi ambayo studio haiwezi kutufanyia. Kila Jumapili mama anasikiliza na daftari, anaandika dakika na jina: nani anakohoa, nani anapita akisalimia, mtoto wa nani analia. Ndiye pekee aliyebaki anayezijua sauti hizo, kwa hiyo tunakwenda haraka.

Je, nitarudi studio ile? Ndiyo, kwa mikono ya yule kijana. Shangazi ana kanda mbili zenye ukungu kidogo na nitampelekea Jumamosi, maagizo yangu nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi na kuifunga kwa mpira juu ya kila ganda.