Joto bila moto: ununue nini kwa safari na kwa dharura

Watu wengi huingia dukani wakiomba kitu cha kupashia moto bila kuwasha moto, wakauziwa chochote kilicho karibu na muuzaji. Siku ya mvua, wakiwa ndani ya hema, ndipo wanapogundua kwamba walichonunua kinaweza kupasha vidole lakini si bakuli la maharage. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa, amua unataka kupasha nini: mwili, chakula kilichokwisha kupikwa, au maji mpaka yachemke.

Tofauti ni kubwa mno. Lita 1 ya maji yenye nyuzi 20 inahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) 335 hivi ili ichemke. Pakiti ya chakula ya gramu 250 iliyopoa hupata moto wa kuliwa kwa kilojuli 50 hivi. Nimepanga vifaa hivi kwa kuangalia vinavyoweza kuleta joto hilo bila kukudhuru, nikimfikiria mtu anayebeba mzigo wake mgongoni.

Nafasi ya kwanza naipa chupa ya chai ya chuma, yenye kuta mbili zilizoondolewa hewa katikati. Najua wengine watasema hiyo haitengenezi joto. Ni kweli, inalitunza tu, ila haina kemikali, haitoi gesi, haiishi muda wake na unaitumia kila siku. Kama tahadhari ya dhoruba imetolewa na umeme bado upo, chemsha maji ujaze. Ipashe chupa kwanza kwa maji ya moto kwa dakika 5, kisha uyamwage na kuijaza mpaka karibu na kizibo, kwa sababu chupa nusu hupoa haraka. Wakati wa kununua, omba itiwe maji yanayochemka, halafu usubiri kidogo na uishike kwa nje. Ukihisi joto ubavuni, hewa imeshaingia kati ya kuta, irudishe. Yenye mdomo mpana hata huivisha wali ukitia mchele na maji yanayochemka, lakini usile chakula kilichokaa humo saa nyingi kikiwa vuguvugu.

Ya pili ni mifuko ya kupashia chakula inayotumia unga wa magnesiamu, metali nyepesi. Jeshi la Marekani lilianza kuwagawia askari wake mifuko hii miaka ya mwanzo ya 1990, ili wale chakula cha moto bila mwali wala moshi. Ndani kuna magnesiamu iliyochanganywa na chuma kidogo na chumvi. Ukitia maji, magnesiamu inaungana nayo kwa kasi na kutoa joto. Pakiti ya chakula inapata moto kwa dakika 10 hadi 12. Maji hayo si lazima yawe ya kunywa. Hata ya bahari yanafaa, na hilo ni jambo la maana sana kwenye dharura ambapo kila kikombe cha maji safi kinahesabiwa.

Kinachoharibu mifuko hii ni maji mengi. Mara ya kwanza nilijaza kupita mstari uliochorwa kwenye mfuko nikidhani nasaidia, nikala chakula vuguvugu, maana joto lote liliishia kwenye maji ya ziada. Fuata mstari, ingiza pakiti, kunja mdomo bila kuuziba kabisa, kisha uegemeze mfuko kwenye jiwe ili mvuke upande. Na tafadhali shika hili: gramu 8 tu za magnesiamu hutoa karibu lita 8 za haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche ndogo. Usiutumie karibu na mshumaa wala sigara, wala ndani ya hema lililofungwa zipu. Usiutie kamwe kwenye chupa na kuifunga kizibo, kwa sababu itapasuka.

Ya tatu ni pakiti za chokaa, zile zinazokuja na vyakula vya kujipasha vyenyewe. Chokaa kavu ambayo haijaguswa na maji hutokota ikikutana nayo, na nyingi huongezewa unga wa alumini ili ziwe kali zaidi. Hutoa mvuke wa kweli na zinaweza kupasha supu nzima, lakini ni nzito: inahitaji gramu 100 hivi za chokaa kupata joto la gramu 8 za magnesiamu. Zikiwa na alumini zinatoa haidrojeni pia. Usizibe tundu la kifuniko, usiweke chombo juu ya meza ya kioo, na watoto wakae mbali, kwani maji ya chokaa yakiingia jichoni yanaunguza. Pakiti iliyovimba dukani imeshapata unyevu. Iache hapo hapo.

Ya nne ni betri, na hapa ndipo watu wanapotupa pesa nyingi. Pawa benki ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 hivi. Kuchemsha lita moja ya maji kunataka wati-saa 93 (ndizo zile kilojuli 335), kabla hata ya kuhesabu joto linalopotea. Yaani hiyo pawa benki haichemshi lita moja! Betri kubwa ya kubebeka ya wati-saa 500 itakupa lita 4 hivi. Angalia pia wati zake: birika la kawaida la wati 2,000 litaizima papo hapo, kwa hiyo tafuta hita ndogo ya wati 300 au chini. Kwa gari au nyumba yenye paneli ya sola ningeipandisha hadi nafasi ya pili. Kwa anayetembea kwa miguu, ni mzigo.

Vifaa vya mwili nimevitenga, maana haviwezi kupika. Pakiti za unga wa chuma zinazopata joto zikikutana na hewa ndizo bora: nyepesi, hudumu saa kadhaa, na ukizifungia kwenye mfuko usiopitisha hewa hutulia mpaka utakapozihitaji tena. Zifunge kwenye kitambaa, wala usilale nazo zikigusa ngozi. Joto dogo la muda mrefu huunguza mtu asijue. Zile za maji mazito zenye kibati cha kubofya hazizidi nyuzi 58 na hupoa mapema, ila unazichemsha na kuzitumia tena. Kipasha mikono cha benzini na platinamu kinadumu sana, lakini kinaanza kwa kiberiti na kinakula oksijeni. Sikiweki ndani ya hema.

Usichanganye "bila moshi" na "bila moto". Vidonge vya kuwashia na jeli ya spiriti vinawaka, na mwali wa spiriti karibu hauonekani mchana. Jiko la makaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa huua kwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, hata makaa yakiwa mekundu tu bila mwali. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika haya yote.

Mifuko ya kemikali ihifadhi kwenye ndoo kavu yenye kifuniko, mbali na jikoni na bafu. Andika tarehe ya kununua juu ya kila mmoja kwa kalamu nzito, na kila mwaka toa ule wa zamani zaidi, uujaribu nje, mahali pa wazi.