Gundi nyeusi ya 3M kwa mpira wa buti: inashika kweli, ila si kila mpira unaihitaji

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tunaichambua gundi ya kampuni ya 3M ya kubandikia mipira ya magari, ile mipira inayozunguka buti (sehemu ya mizigo nyuma ya gari) ili maji yasiingie. Tunazungumzia gundi nyeusi yenye namba 08008. Ipo na ya njano, 08001. Kazi ni ileile, ila kwa mpira mweusi chukua nyeusi, maana ya njano ikichuruzika pembeni utaitazama hadi siku unauza gari.

Kabla hujatoboa tyubu, fungua buti uvute mpira kidogo karibu na loki. Ukiona una mdomo wa herufi U wenye bati ndani, huo umebanwa tu kwenye ukingo wa bodi, na sedani nyingi za Kijapani ziko hivyo. Ukilegea, ujue bati limepanuka au ukingo umeliwa na kutu. Ubane mdomo kidogo kidogo kwa koleo, safisha kutu, kisha urudishe kwa nyundo ya mpira. Ukimwaga gundi humo unaficha kutu, na fundi atakayekuja kuung'oa atakusema. Gundi hii ni ya mpira bapa uliolala juu ya rangi au ndani ya mfereji, kama kwenye kanopi za pikapu na magari mengi ya zamani.

Sasa, kwa nini gundi inaachia? Jua linailainisha mchana, maji yanapenya pale ilipoachia, na buti likifungwa na kufunguliwa mpira unavutwa. Lakini sababu ninayoiona kubwa kuliko zote ni uchafu: watu wanapaka gundi mpya juu ya ya zamani, au juu ya mpira uliopakwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Hapo hata gundi ya bei gani haishiki.

Kwa hiyo nusu ya kazi ni kusafisha. Kwangua gundi ya zamani kwa kipande cha plastiki, si bisibisi, maana ukichubua rangi umeialika kutu. Mabaki yatoe kwa waiti spiriti kwenye kitambaa, ukijaribu kwanza pasipoonekana. Thina ya rangi iache, inaweza kulainisha rangi ya gari. Petroli nayo inaacha mafuta, achilia mbali hatari ya moto. Osha kwa maji na sabuni, kausha kabisa, kisha mpira upitishe msasa namba 240 upande wa gundi tu, mpaka mng'ao uishe. Futa vumbi.

Paka pande zote mbili, bodi na mpira. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanapaka upande mmoja na kubandika papo hapo. Hii ni gundi ya kugusana, lazima kimiminika chake kipeperuke kwanza. Kamua gundi kama uzi wenye unene wa milimita 3, itandaze iwe nyembamba, subiri dakika chache. Gusa kwa kifundo cha kidole: ikinata bila kuvuta nyuzi, iko tayari. Ikivuta nyuzi, bado. Ikiwa haishiki kidole kabisa, umechelewa, paka tena. Ndiyo maana kwenye jua la Dar au Mombasa unakwenda vipande vya sentimita 30, kivulini. Buti lenye mzingo wa mita 4 linakula takriban mililita 57 kwa pande zote mbili, kwa hiyo tyubu moja inatosha na inabaki.

Ukibandika, usivute mpira kwenye kona. Ukiuvuta utarudi ulipotoka, na kiungo kitaachana. Ukikata mpya, acha milimita 5 za ziada ili ncha zisukumane. Iliyomwagika ifute ikiwa mbichi. Weka nailoni kati ya mpira na mlango wa buti, funga taratibu, acha usiku kucha, usioshe gari.

Kasoro zake? Inanuka, basi fanya kazi penye hewa na mbali na moto. Inavuta nyuzi kama ugali wa muhogo. Haijazi pengo, na mpira uliokauka ukapasuka haiurudishii uhai, nunua mwingine.

Na mbadala? Supa glue inakuwa ngumu kama kioo, mpira ukipinda inapasuka. Silikoni inayonuka siki ina asidi, inaharakisha kutu kwenye bati lililo wazi. Gundi ya viatu ni ya jamii moja na hii na ukisafisha vizuri inasaidia, ila kwenye joto kali ninaiamini kidogo. Tepu ya pande mbili haipendi mpira wa EPDM (mpira wa kiwandani unaotumika sana kwenye mipira hii ya magari) bila praima, yaani dawa inayopakwa kwanza ili tepu ishike; itabanduka.

Kupima, paka chaki kwenye mpira, funga, fungua: palipokosa alama ya chaki kwenye mlango ndipo pana pengo. Halafu mtu mmoja aingie na tochi, mwingine amwage maji kwa bomba la mkono, kuanzia chini kwenda juu. Mpira ukiwa mkavu ila shimo la tairi ya spea lina maji, acha kulaumu gundi: angalia mipira ya taa za nyuma, maungio ya bodi, na kizibo cha tundu la chini ya spea.