Nyota moja kwa mama muuza mbwa (mbwa mwenyewe hahusiki)

Mnaotafuta Dalmatian, wale mbwa wa madoa, hapa New Jersey, nisomeni kwanza kabla hamjatoa hela. Mwaka juzi, theluji bado iko chini, nilinunua mtoto wa mbwa kwa mama mmoja mfugaji. Simtaji. Akisoma atajijua.

Sebuleni kwake kuna picha kubwa: farasi watatu wanavuta pampu ya mvuke, moshi unafuka, na mbwa wa madoa anatimua mbio mbele yao. Akaniambia, "Hawa ndio mbwa wa zimamoto. Wanasikia hatari kabla ya binadamu." Nikalainika. Mwanangu naye alikuwa keshambeba.

Hatujakaa hata wiki, namwita, anageukia kwingine. Nimesimama kushoto kwake, yeye anatazama friji upande wa kulia. Akilalia sikio la kulia, hata ukigonga sufuria kwa mwiko juu yake, haamki. Nikampigia yule mama simu. Mnajua alinijibu nini? "Mbwa anakusikia vizuri tu, ila hakuheshimu."

Mimi! Niliyelea watoto watatu, niambiwe na muuza mbwa kwamba sina heshima ndani ya nyumba yangu!

Daktari wa mifugo akambandika vinyaya kichwani, akapima. Sikio la kushoto halisikii kitu. Akasema kwa Dalmatian hilo ni la kawaida, karibu theluthi yao wana shida ya sikio moja au yote mawili, na mfugaji makini huwapima watoto wote kabla ya kuwauza. Kwa hiyo alijua, au hakutaka kujua. Kwangu ni mamoja.

Na hiyo "wanasikia hatari" nayo ni chumvi. Jirani yangu ni mzee, zimamoto mstaafu. Nilipomsimulia alicheka mpaka akapaliwa. Mbwa hawa hawakusikiliza moto wala kuunusa. Kazi yao ilikuwa farasi. Uingereza walikimbia sambamba na magari ya farasi ya matajiri, usiku wakalinda banda. Huku Marekani zimamoto wakawachukua kwa kazi hiyohiyo. Kengele ikilia, mikanda iliyoning'inizwa darini inashushwa juu ya migongo ya farasi, wanafungwa chapuchapu, na mbwa keshatoka mlangoni anabweka watu wapishe njia. Yaani yeye ndiye king'ora. Wakifika kwenye moto anabaki na farasi, wasitishike na mtu asiwaguse. New York iliwastaafisha farasi wa mwisho wa zimamoto mwaka 1922, kule Brooklyn, na mbwa akabaki wa kupanda gari na kupigwa picha.

"Wewe umeuziwa mkimbiaji," mzee akaniambia, "unamfungia kwenye fleti." Kweli. Vyumba viwili! Kochi la kwanza lilishakwenda, la pili liko njiani. Mama yangu kule Moshi mpaka leo anauliza mbwa anafanya nini ndani.

Nikaamua namrudisha, nidai hela yangu yote. Jumamosi moja bustanini akapita askari polisi juu ya farasi. Kamba ikaniponyoka. Nikapiga kelele, lakini kwa sikio lipi? Nikajua teke moja tu, kwisha habari yake. Mbwa akamfikia farasi, akajipanga nyuma kidogo, karibu na mguu wa nyuma, akashika mwendo uleule. Habweki, harukiruki. Huyu aliyenitafunia kochi! Farasi hata sikio hakutikisa. Askari akatazama chini, akaniuliza, "Umemfundishia wapi?"

Wapi! Kwenye lifti?

Basi mbwa harudi. Tunakwenda naye kukimbia alfajiri, mimi nimepungua hadi suruali zinanivuka. Kwa hilo nilitaka kumpa yule mama nyota tatu, maana bila yeye nisingempata huyu. Nilishaanza hata kubonyeza. Halafu nikakumbuka ile "ila hakuheshimu".

Moja.