Miaka minane na Yamaha XT600E kwenye baridi ya Njombe

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo: XT600E ni pikipiki nzuri kuliko inavyosemwa vijiweni, na spea zake si adimu kama mnavyotishwa. Kinachoiua huku kwetu ni kununua spea kabla ya kuujua ugonjwa. Mimi ni daktari wa mifugo, nazunguka vijiji vya Njombe na Makete. Ng'ombe hasemi panapomuuma, na chuma hiki nacho hakisemi, kwa hiyo tumeelewana.

Yangu ni ya 1994. Niliichukua kwenye mradi uliokuwa unafungasha virago, imeegeshwa chini ya mti, kiti kimetobolewa na panya. Silinda moja, cc 595, valvu nne, inapozwa na hewa, nguvu za farasi karibu 45. Yamaha waliitengeneza kuanzia 1990 hadi 2003, na ukoo wake unatoka kwa XT500 ya 1976, ile ambayo Cyril Neveu alishindia mbio za Paris–Dakar za kwanza mwaka 1979. Vijana wa bodaboda za Boxer pale stendi huniuliza kwa nini nahangaika na mzee huyu. Huwa nawajibu waje Julai, asubuhi, kwenye mlima wa Bulongwa, na jokofu la chanjo limefungwa nyuma.

Ugonjwa wa kwanza niliokutana nao haukuwa ugonjwa. Asubuhi ya pili nilichomoa kijiti cha oili, kikavu kabisa. Nikaongeza lita nzima. Jioni boksi la filta ya hewa limejaa oili, inadondoka hadi kwenye buti langu, na fundi wa jirani ananiambia ringi za pistoni zimekwisha, tushushe injini. Bahati yangu sikuwa na hela wiki hiyo. Pikipiki hii haihifadhi oili chini ya injini kama Boxer. Tangi lake la oili ni fremu yenyewe, na kijiti kiko juu, karibu na usukani. Ikilala usiku kucha, oili huteremka polepole kwenye injini, fremu inabaki tupu, nawe unadhani imekauka. Ukiongeza, injini ikiwaka pampu inairudisha yote juu, na ya ziada inatafuta mlango wa kutokea. Kipimo chake ni hivi: endesha dakika kumi, iache silensa kidogo (yaani iungurume yenyewe bila kuongezewa mafuta), zima, isimamishe wima bila stendi ya pembeni, pima hapohapo. Nilipunguza ile lita niliyoongeza, na ringi ambazo "zimekwisha" ndizo ninazotembelea mpaka leo.

Ya pili ndiyo iliyonifundisha kutafuta spea. Ilikuwa kipupwe. Ukiachia mafuta, injini haishuki, inabaki inalia juu kama mtu anayebishana peke yake, kisha inashuka ghafla na kuzimika. Ukiteremka mlima, ekzosi inapiga pa! pa! hadi mbuzi wanakimbia. Inamisi kwenye mwendo wa kati. Nikaipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza akasema kabureta. Wa pili akasema kabureta, lakini akawa na dawa: tuweke moja ya Boxer. (Kabureta ya XT600E ni pacha, Teikei, upande mmoja unafunguliwa na waya na mwingine unafunguka wenyewe kwa mvuto wa hewa. Kuweka ya Boxer pale ni kumvalisha fahali hatamu ya punda.) Wa tatu, mzee mmoja wa Makambako, hakugusa spana. Alinisikiliza, akaniuliza, "Daktari, umeangalia anavutia hewa wapi?"

Nikarudi nyumbani na swali lake. Kati ya kabureta na kichwa cha silinda kuna raba mbili, fupi, nene, zimegandishwa kwenye bamba la chuma. Kwa juu zilikuwa nyeusi na nzima. Nikachukua bomba la sindano la mililita 20, nikalijaza maji, injini iko silensa, nikaanza kuzimwagia raba tone kwa tone, juu, pembeni, kisha nikapitisha sindano kwa chini ambako jicho halifiki. Maji yalipogusa upande wa chini wa raba ya kushoto, mlio ukashuka papo hapo, ukatulia. Yalipokauka ukapanda tena. Nikarudia mara tatu, si kwa sababu nilikuwa na shaka, ni raha tu. Nilipoifungua na kuikunja kwa kidole, ufa ukafunguka kama mdomo wa kambare, wa urefu wa kucha. Injini ilikuwa inapata hewa ya pembeni isiyopita kwenye kabureta, mafuta yanakuwa machache, ndiyo hiyo milio yote.

Nilizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli, nikafunga waya, nikafanya kazi nayo wiki sita. Siipendekezi, nasimulia tu.

Sasa spea. Nilikwenda Dar, nikashinda siku nzima mitaa ya Kariakoo na Gerezani na ile raba mfukoni. Duka moja, silitaji, liliniuzia raba "ya XT" iliyokuwa ya pikipiki nyingine kabisa, matundu ya bolti hayakukutana hata kwa dua, na kurudisha ikawa hadithi. Kosa lilikuwa langu pia. Niliuliza kwa jina la pikipiki badala ya namba.

Namba za spea za Yamaha zinasomeka ukishajua. Herufi na tarakimu tatu za mwanzo ni kitambulisho cha modeli ambayo spea hiyo ilitengenezewa kwanza, tano za katikati zinataja ni kifaa gani, mbili za mwisho ni toleo. XT600E yangu ni 3TB. Lakini ukifungua katalogi yake utakuta spea nyingi hazianzi na 3TB, kwa sababu zilirithiwa kutoka kwa Yamaha nyingine za ukoo huu, Ténéré ya 1983 na ndugu zake, TT600 ikiwemo. Ndiyo maana muuza duka anaweza kukuambia hana kitu cha XT600E, na kitu chenyewe kiko kwenye rafu nyuma yake kwa jina la pikipiki nyingine. Mpe namba, siyo jina.

Raba zenyewe hatimaye zilitoka Ujerumani, ambako pikipiki hizi zilipendwa sana na bado zipo nyingi. Kuna duka la Hamburg, Kedo, ambalo kazi yao ni hizi Yamaha za silinda moja, XT na SR. Ukipekua orodha yao unaona kwamba kumbe uko kwenye kabila kubwa. Raba mbili, usafirishaji na ushuru, jumla ilikuwa kama mbuzi watatu wa maana. Nilinung'unika, nikalipa. Tangu siku ile silensa inatulia kama saa.

Lakini msikimbilie Ulaya kwa kila kitu. Plagi kwa mfano. Kitabu cha pikipiki kinataka NGK DPR8EA-9. Njombe hakuna. Ila hiyo D ya mwanzo ni uzi wa milimita 12, sawa na D8EA inayovaliwa na pikipiki za ukoo wa Honda CG125, na hizo kila duka la bodaboda linazo. Kilichopungua ni kizuizi cha mawimbi ya redio na ncha kuchomoza kidogo. Weka pengo la milimita 0.9 na inakurudisha nyumbani bila manung'uniko. Bearing ni vivyo hivyo: futa grisi, soma namba iliyochongwa pembeni, nenda duka la bearing, usitaje pikipiki kabisa, maana ukitaja bei inapanda. Waya wa klachi wanakutengenezea Gerezani ukiwapelekea wa zamani, na wangu wa kutengenezwa umedumu kuliko ule uliokuja nayo. Tairi la mbele ni inchi 21, linapatikana. La nyuma, 120/90-17, ndilo linalonipa presha. Nikiliona popote nanunua mawili. Cheni ni saizi 520, ile ya Boxer ni 428, usikubali kushawishiwa.

Pengo la valvu unaweka mwenyewe. Skrubu na nati, injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.05 hadi 0.10, za kutoa 0.12 hadi 0.17. Filer geji, vile vibamba vya kupimia pengo, na saa moja ya Jumapili baada ya ibada.

Umeme umenisumbua mara moja tu, betri inakufa kila wiki. Pima voti kwenye betri injini ikizunguka kwa kasi ya kati: kama hazifiki 14, au karibu yake, angalia zile waya tatu nyeupe kutoka kwenye jenereta kabla hujaitukana betri. Soketi yangu ilikuwa imeungua, plastiki imekuwa kahawia. Nilikata, nikaunganisha, kwisha. Betri mbili mpya nilikuwa nimeshanunua.

Anayetaka kununua moja, ashike sproketi ya mbele aitikise. Ikicheza sana kwenye shafti, meno ya shafti yamelika, na hilo ni la kushusha injini kweli, siyo la fundi wa kubahatisha. Halafu aiendeshe gia ya tano barabara ya lami. Hapo ndipo udhaifu wake unapojulikana: gia ya tano hulika meno, na huanza kwa mluzi mwembamba unaodhani ni upepo wa helmeti.

Mluzi huo nimeanza kuusikia mwezi uliopita, nikishuka Makambako. Nimevua helmeti, bado upo. Namba ya gia nimeshaiandika nyuma ya daftari la chanjo, chini ya orodha ya ng'ombe wa Lupembe, na mbuzi bado nawahesabu. Kwa sasa napanda na nne.