TAHADHARI: Mpingo wenye "cheti cha DNA", mimi nimeshapigwa

Wachongaji wenzangu, kuna jamaa anatangaza mtandaoni hapa Dar vipande vya mpingo "vilivyopimwa DNA". Bei yake iko juu kidogo ya soko, ndiyo maana humshtukii. Nilichukua 14, hela nikatuma kwa simu kabla ya kuona mzigo. Ndiyo, najua.

Mzigo ukaja mweusi tii, kila kipande na cheti chake ndani ya nailoni, mhuri, na jina la kitaalamu: Dalbergia melanoxylon. Nikapitisha msumeno. Weusi uliishia kama milimita mbili, ndani mti mweupe, na harufu ya kiwi ya viatu ikajaa karakana. Mpingo nao una weupe, lakini unakaa nje chini ya gome, si moyoni. Nikatia kipande kwenye ndoo, kikaelea! Moyo wa mpingo, hata ukikauka, mita moja ya ujazo hupita kilo 1,000, lazima uzame.

Nikampigia. Eti, "Huo mpingo mchanga kaka, uanike utaiva."

Ndipo nikavitazama vile vyeti vizuri. Vyote 14 namba ya sampuli moja.

Kipimo chenyewe kipo kweli. Maabara husaga kibanzi, hutoa vinasaba na kuvilinganisha na vya miti inayojulikana; Ujerumani, taasisi ya Thünen, pale Grosshansdorf karibu na Hamburg, inafanya kazi hiyo. Ila moyo wa mti ni seli zilizokufa, vinasaba vimebaki vichache na vimekatikakatika, kwa hiyo si kazi ya "majibu ndani ya saa moja" kama anavyojinadi. Halafu cheti kinashuhudia kile kibanzi kilichosagwa tu. Gogo ulilouziwa hakilijui.

Anatunasa kwa sababu tangu 2017 mpingo uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, na mteja wa nje anadai karatasi. Anachodai mteja ni kibali cha kusafirisha, na cheti cha DNA hakishiki nafasi yake.

Akikufuata, mwambie akate katikati mbele yako. Ukitaka maabara, banzua mwenyewe.

Mimi kanibloku. Jana nimeletewa tangazo lake jipya: namba nyingine, bei imeshuka, picha zilezile, vipande vimepangwa juu ya khanga ya njano. Cha tatu kutoka kushoto kina ufa. Ninacho hapa.