Jeli ya kuoteshea seli shina: uzoefu wangu na mzigo uliopigwa jua njiani

Miezi kadhaa iliyopita niliagiza kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam visahani kumi vya jeli inayoyeyuka kwa mwanga, kwa ajili ya kuoteshea seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) za uboho wa mbuzi katika maabara yetu hapa Mbeya, na hadi leo nikimkumbuka wakala huyo damu inanichemka.

Vifungo vinavyoishikilia jeli hii hukatika vikipigwa na mwanga wa urujuanimno wa nanomita 365, na jua la mchana lina mwanga huo. Ndiyo maana visahani hufungwa kwa karatasi nyeusi tangu kiwandani. Wakala aliivua. Nilipofungua kasha pale stendi nilikuta karatasi zile zimekunjwa vizuri mara nne, zimetandikwa chini ya visahani, na juu yake risiti. Konda alikiri kwamba mzigo ulikaa dirishani kutwa nzima, ukapanda mlima Kitonga ukiwa juani. Katika visahani sita jeli ilikuwa imegeuka majimaji.

Nilimpigia simu wakala. Akanijibu, "Dada, mzigo si umefika? Jeli ni jeli, weka kwenye friji itaganda." Nilipoanza kumweleza kwamba kifungo kilichokatika hakiungwi na baridi, akakata simu.

Nilikusudia kuandika kwamba bidhaa hii isinunuliwe kabisa. Hata hivyo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: visahani vinne vilivyosalimika vilinistaajabisha. Tumezoea kubandua seli kwenye kisahani kwa tripsini, kimeng'enya ambacho kikicheleweshwa kidogo tu hukata hata protini za juu ya seli, ambazo ndizo tunazozitegemea kuzitambua. Safari hii niliwasha taa ya urujuanimno kwa dakika chache, nikakitikisa kisahani taratibu, na kwenye hadubini nikaziona seli zikiachia pale tu mwanga ulipogusa, huku zile za upande nilioufunika zikiwa zimeng'ang'ania mahali pake. Machozi yalinilengalenga.

Kwa hiyo jeli yenyewe naisifu, na ningemshauri mwenzangu yeyote ainunue. Lakini kila nikiandika sifa hiyo nazikumbuka seli nilizozilea kwa wiki kadhaa, nikizibadilishia maji ya lishe kila baada ya siku mbili, zikakosa pa kuhamia nikazimwaga kwa mikono yangu. Basi hapana, kwa njia ile siagizi tena hata kwa nusu bei. Fedha za visahani sita wakala hajazirudisha, na simu yangu hapokei.